Mazungumzo ya Nyumbani: Bima Rahisi Ni Ile Inayolipa



Pamba ikiisha kuuzwa na mpunga ukiisha kuingia ghalani, nyumba nyingi za Shinyanga na Geita hufanya mambo mawili: baba hununua bati, na kijana hununua pikipiki. Aliyejaliwa zaidi, au aliyepata gramu chache za dhahabu huko Nyarugusu au Mgusu, hununua gari lililokwisha tumika Japani. Hayo ni maendeleo, nasi twayafurahia. Lakini mali mpya huja na swali jipya: ikiharibika usiku wa leo, au ikimwumiza mtu kesho, nani atalipa? Basi juma hili tuzungumze habari za bima, na hasa jinsi ya kutafuta ile ambayo mfuko wa mkulima waweza kuibeba, bila mkulima mwenyewe kudanganywa.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Bima maana yake ni kwamba watu wengi huweka kidogo kidogo katika mfuko mmoja, ili yule mmoja atakayepatwa na hasara asiangamie. Wazee wetu wa Usukumani walikuwa na ifogong'ho, chama cha majirani cha kusaidiana wakati wa msiba. Mji wa London uliungua mwaka 1666, nyumba zipatazo 13,000 zikateketea, na baada ya hapo, yapata mwaka 1680, daktari mmoja aitwaye Nicholas Barbon akaanzisha ofisi ya bima ya moto. Wazo ni lile lile: mzigo mkubwa ukigawanywa kwa wengi huwa mwepesi.

Wako wasemao kwamba kukata bima ni kukosa imani. Yafaa wakumbuke habari za Yusufu katika Misri. Mungu alimfunulia miaka 7 ya njaa, wala Yusufu hakukaa akangoja. Alikusanya nafaka miaka 7 ya shibe. Naye Bwana wetu, alipojaribiwa ajitupe kutoka juu ya hekalu, alikataa. Kumtegemea Mungu ni wema. Kumjaribu si wema.

Sasa tuanze na chombo cha barabarani. Kuna bima za namna mbili, nazo watu huziita bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ni ile ya mtu wa tatu: humlipa mtu mwingine uliyemdhuru, wala haikutengenezei wewe gari lako. Hiyo ni lazima kwa sheria. Bima kubwa humlipa huyo mwingine, na pia hutengeneza au kulipa chombo chako kikigongwa, kikiungua au kikiibwa, kwa kadiri ya masharti yaliyoandikwa.

Wengi huilalamikia bima ndogo wakisema, "Nalipa kila mwaka wala sipati kitu." Ndugu yangu, bima hiyo hukuikata kwa ajili yako. Uliikata kwa ajili ya mtoto wa jirani anayevuka barabara akitoka shule. Kijana wako akimgonga, akamvunja mguu, amri ya 7 yatufundisha kwamba aliyemtia mwenzake hasara hana budi kumlipa. Je, utamlipa kwa nini? Kwa ng'ombe wale wanne? Na kama hawatoshi? Ndipo udugu wa nyumba mbili huvunjika, na watu waliokuwa wakikaa benchi moja kanisani huacha kusalimiana. Bima ndogo ni haki ya jirani iliyolipwa mapema.

Hapa ndipo twahitaji macho. Wazee wetu wanakumbuka kwamba tangu mwaka 1967 Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake katika kazi hiyo, na hapakuwa na kuchagua. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na tangu mwaka 2019 hata mabenki yameruhusiwa kuuza bima kwa niaba ya makampuni. Leo makampuni ni mengi na mawakala ni wengi zaidi. Kila stendi yuko mmoja. Mwenye pikipiki huzunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule akiuliza neno moja tu: "Bei gani?"

Kwa bima ndogo, swali hilo lina mtego. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iitwayo TIRA, ambayo husimamia makampuni hayo kwa sheria ya mwaka 2009, huweka kima cha chini cha ada ya bima za magari. Kwa mfano, mwaka 2023 bima ndogo ya gari dogo la mtu binafsi ilikuwa shilingi 100,000 kabla ya kodi. Kampuni ya halali haina ruhusa ya kuuza chini ya kima kilichowekwa. Basi mtu akikuambia, "Kwangu utapata kwa nusu ya bei," usifurahi. Hakupunguzii bei, anakuuzia karatasi tupu. Karatasi hiyo yaweza kumridhisha asiyeikagua, lakini siku ya ajali haitamlipa mtu yeyote, na mali yako ndiyo itakayotafutwa.

Kuikagua si kazi ngumu. Siku hizi stika za bima huandikwa katika mtambo wa TIRA, na mwenye simu ya intaneti aweza kuingiza namba ya gari au ya stika katika tovuti yao, akaona kampuni iliyokata bima hiyo na siku itakapokwisha. Kama wewe huna simu ya namna hiyo, mwanao au katekista anayo. Fanya hivyo kabla hujaondoka kwa wakala. Tena dai risiti, maana sheria yataka ada ilipwe kwanza ndipo bima ianze. Wakala akikuambia, "Chukua stika, utalipa pamba ikiuzwa," jihadhari.

Kwa bima kubwa mna nafasi ya kulinganisha, ila wengi hulinganisha vibaya. Tuseme kampuni inatoza shilingi 3 na nusu katika kila shilingi 100 za thamani ya gari. Gari la shilingi 10,000,000 litalipiwa 350,000. Kwa majivuno ukasema gari lako ni la 15,000,000, utalipa 525,000. Lakini likipotea, kampuni itaangalia bei ya sokoni na kukulipa ile 10,000,000 tu. Umetupa 175,000 bure. Kinyume chake, ukisema ni la 5,000,000 ili ulipe kidogo, umejipunja mwenyewe. Thamani ya kweli ndiyo bei nafuu. Unyofu hapa ni faida, wala si dhambi tu iliyoepukwa.

Jambo jingine ni matumizi. Gari lililokatiwa bima kama gari la nyumbani, kisha likapakia abiria wa nauli kati ya Geita na Katoro kama wafanyavyo wenye michomoko, limetoka nje ya mapatano yake. Likipinduka, kampuni yaweza kukataa kulipa. Vivyo hivyo pikipiki ya bodaboda isiandikwe kuwa ya kwenda shamba. Sema kazi yake ya kweli, ulipe ada ya kazi hiyo, na uliza wazi kama abiria anayekaa nyuma yumo katika bima au hayumo.

Sasa tuje nyumbani. Usiku wa tarehe 3 Machi mwaka 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, katika wilaya ya Kahama. Watu zaidi ya 40 walikufa, na mamia ya nyumba yalibomoka juu ya watu waliolala. Mchana uliofuata watu hawakuwa na nyumba, wala chakula, wala mtu wa kumdai, maana mvua haina mshitakiwa. Iwe tofauti na tarehe 7 Novemba 2022 huko Mwadui, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi ulipopasuka na tope likaingia katika nyumba na mashamba ya watu. Pale palikuwa na mwenye bwawa wa kuulizwa fidia. Kwa msiba wa Mwadui, haki hudai. Kwa msiba wa Mwakata, mwenye nyumba hana budi kuwa amejiandaa mwenyewe.

Bima ya nyumba ipo, nayo haishurutishwi na sheria kama ile ya gari. Lakini tuseme kweli: imekaa zaidi kwa nyumba za tofali za kuchoma au za saruji zenye bati. Nyumba ya udongo na nyasi, mara nyingi kampuni huikataa au huitoza zaidi. Kwa nyumba hiyo, shilingi ya kwanza usimpelekee wakala. Ipeleke kwenye msingi wa mawe, kwenye mapaa yaliyofungwa sawasawa ukutani ili upepo usiyang'oe, na kwenye mfereji wa kuyaondoa maji. Usijenge katika njia ya maji hata kama kiwanja ni cha bure. Baada ya hapo ndipo uulize habari za bima.

Ukienda kuuliza, nenda kwa makampuni matatu au mawakala watatu, na wote uwaulize maswali haya haya, ukiandika majibu katika daftari:

1. Bima hii yalipa hasara ya namna gani? Moto ni moto. Je, upepo, mawe ya mvua, mafuriko, radi, wizi na tetemeko la ardhi vimo? Watu wa Bukoba walitikiswa na tetemeko tarehe 10 Septemba 2016, kwa hiyo tusiseme kwetu hayafiki.

2. Vitu vya ndani vimo, au ni kuta na bati tu? Na magunia ya mpunga yaliyomo chumbani?

3. Katika kila hasara, sehemu gani nitaibeba mwenyewe kabla ninyi hamjalipa?

4. Nikipatwa, nitoe habari kwa nani, katika siku ngapi, na kwa karatasi zipi?

5. Wewe wakala, leseni yako i wapi, na kampuni yako ina ofisi gani karibu nasi?

Ndipo mwishoni uulize bei. Bei mbili hazilinganishwi mpaka ujue zanunua nini. Aliyetaja bei ndogo huenda ametoa mafuriko na upepo ndani yake. Kwetu sisi hivyo ndivyo vinavyobomoa nyumba.

Na hapa pia sema thamani ya kweli. Nyumba ya kujengwa kwa 20,000,000 ukiikatia bima ya 10,000,000, umeikatia nusu. Upepo ukiezua bati, hasara ikawa 4,000,000, kampuni nyingi zitakulipa 2,000,000, yaani nusu ile ile. Wengi hulia wakidhani wameibiwa, kumbe ndivyo yalivyoandikwa katika karatasi ambayo hawakuisoma.

Mkulima aweza kupunguza mzigo kwa njia nyingine mbili. Ya kwanza, bima ya kawaida ni ya mwaka mmoja. Basi chagua ianze katika mwezi wa mavuno, ili ikiisha mwakani, fedha iwepo ya kuirudisha. Bima inayokwisha mwezi Januari, wakati wa palizi na ada za shule, mara nyingi huachwa ife. Ya pili, nendeni pamoja. Wenye bodaboda wa kituo kimoja, au wanachama wa VICOBA, wakiweka akiba kila juma kwa ajili ya bima, hawatashtuka siku ya kulipa. Tena wakimwendea wakala wakiwa ishirini, atawasikiliza na kuwaeleza vizuri kuliko amwendeaye peke yake.

Na kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya haki, usikae kimya ukinung'unika kilabuni. Iandikie barua kampuni, uweke nakala. Isipojibu vema, iko TIRA, yenye ofisi ya kanda Mwanza, na iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Lakini huko kote wataomba karatasi. Kwa hiyo karatasi ya bima, risiti na kadi ya gari viwekwe pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya ubatizo, na mama ajue vilipo. Baba akifariki barabarani, mjane asianze kupekua magodoro.

Basi, juma hili fanyeni jambo moja. Jioni moja baada ya sala, toeni karatasi ya bima ya pikipiki au ya gari, mwenye macho mazuri aisome kwa sauti, mpaka mstari wa mwisho. Mkiona hamna karatasi ila stika tu, mwendeeni wakala kesho yake. Mkiona siku imepita, chombo kisitoke nyumbani. Na katika Jumuiya yenu, yasomeni yale maswali matano kwa ajili ya wasiopata gazeti.

Rahisi inayokukimbia siku ya msiba ilikuwa ghali tangu siku ile uliyoilipia. Mungu azilinde nyumba zenu, nanyi mzilinde pamoja naye.