Mama Alikuwa Wapi? Mama Alikuwa kwenye Foleni

Ndugu zetu vijana wa Nakivale, na ninyi mnaofanya kazi na mashirika,

Tuanze kwa kukiri. Dada yetu alipovikwa taji la urembo Siku ya Wakimbizi Duniani, wengine wetu tulicheka. Tulisema hizi ni mbwembwe tu: gauni la kuazima, muziki mkubwa, picha za simu, halafu kesho yake tunarudi kwenye maharage yetu. Wazee wa kanisa nao walisema yao. Kisha akapewa kipaza sauti aseme atalitumia taji kwa jambo gani. Tulingoja tusikie amani, umoja, elimu ya msichana, maneno ambayo kila mshindi huyasema. Yeye akasema: "Nataka watoto wetu waache kufa maji."

Uwanja ukanyamaza. Kila mtu alijua anamkumbuka nani.

Msimu wa mvua uliopita, kijijini kwetu mtoto wa miaka mitatu alizama kwenye shimo la udongo wa matofali. Jirani alilichimba alipokuwa anajenga. Nyumba ikaisha, shimo likabaki, mvua ikalijaza. Maji yenyewe hayakumfika mtu mzima kiunoni. Hakuna aliyesikia kitu, maana mtoto mdogo anayezama hapigi kelele. Anazama kimya, kwa dakika chache tu. Msibani swali moja lilizunguka kwa minong'ono: "Mama yake alikuwa wapi?"

Mama mwenyewe alijibu bila kuulizwa: "Nilikuwa ku laini."

Alikuwa kwenye foleni ya mgao tangu asubuhi. Mtoto alimwacha na dada yake wa miaka minane, naye huyo dada alikuwa na mdogo mwingine mgongoni na dumu la maji mkononi. Sasa tuulizane kweli: nani kati yetu hakulelewa hivyo?

Ndiyo maana tunaandika. Tunamuunga mkono dada yetu kwa moyo wote. Lakini tunaogopa ujumbe wake utageuzwa kuwa bango moja ukutani: "Wazazi, chungeni watoto wenu." Bango la namna hiyo linamrudishia mama msiba wake mara ya pili. Kuchunga watoto tunajua. Tatizo ni kwamba mtu mmoja hawezi kuwa kwenye foleni, bombani, shambani na nyumbani saa ileile.

Na jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi sana, zaidi ya tisa katika kila kumi, walikuwa wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Ndiyo kusema maji yanaua zaidi pale ambapo mashimo hayafunikwi na mama hana wa kumwachia mtoto.

Wengine wanasema, "Tuwafundishe watoto kuogelea, basi." Ni vizuri, tena tunataka. Aliyekulia Baraka au Rumonge, kando ya Tanganyika, huenda alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Aliyetoka Masisi au milima ya Minembwe aliliona ziwa kubwa kwa mara ya kwanza akiwa njiani kukimbia. Leo wote wawili wanachezea ufuko mmoja hapa, kwenye ziwa lenye viboko, na mmoja anamfuata mwenzake majini kwa kuona aibu. Mkubwa afundishwe, ndiyo. Lakini kwa wa miaka miwili au mitatu, kufundishwa kuogelea hakutoshi. Huyo anahitaji uzio na mtu wa kumtazama.

Bangladesh walilielewa hilo. Vijijini walifungua vituo vidogo vya kulelea watoto wa chini ya miaka mitano, saa zile za asubuhi ambapo mama ana kazi nyingi. Mlezi ni mwanamke wa kijijini hapohapo. Haihitaji jengo la ghorofa.

Kwa hiyo ninyi wa mashirika, tunawaomba jambo moja tu, tena la bei ndogo. Kila siku ya mgao, pembeni ya foleni pawe na turubai, mikeka, maji ya kunywa, na akina mama wawili au watatu waliolipwa posho kutunza watoto wadogo. Foleni mnaipanga ninyi. Mnajua itaanza lini na itakuwa ndefu kiasi gani. Basi mnajua pia siku ambayo watoto wengi watabaki bila mtu mzima.

Nasi vijana tusikae tukinyoosha vidole. Mashimo tunayachimba sisi, matofali tunayafyatua sisi. Aliyemaliza kujenga afukie shimo lake, na kama bado analitumia alizungushie miti na miiba. Ndoo na mapipa yafunikwe, maana hata maji ya ndoo yanatosha kumuua anayetambaa.

Kuna jambo lingine dada yetu ametufundisha. Siku hizi Jumamosi anakwenda bombani amevaa lile taji. Watu wazima ambao hawaji kwenye semina wanakuja kupiga naye picha. Wakishapiga, anachukua dumu tupu la lita 20, analifunga kifuniko vizuri, analifunga kamba. "Mtu akizama, usimrukie kama hujui maji, mtakufa wawili. Mrushie hili." Dumu linaelea, na kila nyumba inalo. Tulikuwa nalo miaka yote hiyo na hatukufikiria.

Kumbe taji lina kazi. Linawakusanya watu. Lakini watu wakishakusanyika, taji haliwezi kufukia shimo wala kushika mtoto wakati mama yuko kwenye foleni.

Tarehe 25 Julai ni Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Hatutaki fulana wala hotuba. Asubuhi hiyo tutabeba majembe, tuanze na shimo lile alimozama mdogo wetu. Mama yake amesema atakuja. Yeyote atakayetaka kumuuliza alikuwa wapi siku ile, aje na jembe kwanza.