Karanga za Nachingwea ndani ya Kiingereza

Wengi wetu tulikariri nahau za Kiingereza kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. "Kick the bucket" ni kufa, basi. Ndoo imeingiaje kwenye msiba? Hakuna aliyeuliza, na mwalimu alikuwa na silabasi ya kumaliza. Sisi tunaosomea ualimu tuko mbioni kwenda kufanya vilevile, na mimi napinga.

Sababu yangu iko kwetu Kusini. Natoka Ruangwa, na majirani zetu wa Nachingwea wamo ndani ya nahau ya Kiingereza ambayo darasani hatukuwahi kuisikia. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mashamba ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Lengo lilikuwa zaidi ya ekari milioni 3. Vifaru vya kivita vikageuzwa matrekta. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikaletwa hadi Nachingwea. Lakini udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua zikagoma, na Januari 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea. Miaka ya 1960 hata reli ikang'olewa. Tangu wakati ule, Mwingereza akitaka kubeza mradi mkubwa wa serikali uliopangwa mezani ukafia shambani, huuita "groundnut scheme".

Kuna watakaosema asili za nahau ni porojo tu. Wana hoja. Watu wa kompyuta hupenda kusimulia kwamba hitilafu ya programu inaitwa "bug", yaani mdudu, kwa sababu mwaka huohuo wa 1947 nondo alikutwa amenasa kwenye kompyuta kubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard. Nondo ni wa kweli, alibandikwa mpaka kwenye daftari la kumbukumbu. Ila Thomas Edison alishalitumia neno hilo kwa maana ya hitilafu mwaka 1878. Nondo kaja kakuta jina lipo! Na ile ndoo nayo ina maelezo zaidi ya moja.

Kwa hiyo simwombi mwalimu asimulie hadithi tamu. Namwomba awafundishe wanafunzi kuuliza: usemi huu ulianza lini, wapi, na ushahidi uko wapi? Dakika 5 za kipindi zinatosha, na hazihitaji projekta.

Mtoto wa Nachingwea akijua hili, Kiingereza hakitakuwa tena mali ya watu wa mbali inayokaririwa kwa ajili ya mtihani. Atajua pia kwamba wanaochekwa kwenye nahau hiyo si wakulima wa Kusini, ni wapangaji wa London. Tukienda kufundisha, tuanze na karanga. Ndoo itasubiri.