Zabibu sawa, lakini njooni na Mbinga

Ndugu mwandishi, mvinyo wa Dodoma unastahili sifa, ila safari ya makala yako umeikatisha mapema. Mimi ni wa huku Ngaka, Mbinga, ambako wageni wanajua makaa ya mawe tu. Panda milima ya Umatengo uone ngoro: majani yanafyekwa, yanapangwa miraba na kufukiwa kwa udongo unaochimbwa katikati, linabaki shimo la kunasa maji ya mvua. Hapo tunapanda maharage na mahindi. Kahawa ya Arabika ina mashamba yake.

Nayo kahawa huonjwa kama mvinyo. Unga unamwagiwa maji ya moto, unaachwa dakika 4 hivi, utando wa juu unavunjwa kwa kijiko, kisha mwonjaji anafyonza kwa kelele (mama yangu angemfukuza mezani) na kutema. Wengi wetu tunaoichuma hatujawahi kuionja hivyo. Tunauza, nyumbani tunakunywa chai.

Chumba kimoja cha kuonjea kinachotazama ngoro kingemsimamisha mgeni anayeteremka Mbamba Bay kuogelea Ziwa Nyasa. Viongozi wa ushirika, mnasoma hapa? Lami ipo tayari.