Picha Haionyeshi Uvungu

Leo sina stori za mtihani wala za foleni ya mgahawa. Nina jambo linalowagusa wengi hapa chuoni, hasa sisi tuliotoka mikoani. Ni hii kazi ambayo familia zetu zimetupa bila barua ya ajira: kuwanunulia magari Japani, kwa sababu tu "wewe ndiye msomi, unajua kufungua tovuti".

Kwetu ni Ras Kisimani, kule kusini magharibi mwa kisiwa cha Mafia. Wajomba zangu watatu wameungana na wanataka kirikuu ya kubebea nazi na samaki mpaka Kilindoni. Hela wamezichanga misimu miwili. Wiki hii mjomba mkubwa amenipigia: "Mpwa wangu, gari tumeliona kwenye picha, jeupe, linang'aa. Tutume hela lini?" Nimemjibu kwa adabu zote kwamba hela zisitumwe kwanza. Ameudhika kidogo, na ninamwelewa. Lakini msimamo wangu ni huo huo, na sababu zangu naziweka hapa ili na nyie mnaotumwa na wazee mzipime.

Kwanza, sina ugomvi na umbali. Watu wa Kisimani walinunua vitu vya mbali karne nyingi kabla ya intaneti. Neville Chittick alichimba magofu ya mji wa kale pale na ripoti yake ikatoka 1961. Vigae vya vyombo vya ng'ambo ni sehemu ya historia ya mji ule, ambao bahari imeumega kiasi kikubwa. Ila zamani bidhaa ilikuja na mwenye jahazi, na mnunuzi aliweza kuligonga bakuli kwa kidole asikie kama lina ufa, ndipo atoe mali yake. Leo mpangilio umepinduka. Muuzaji analipwa, meli inalipwa, serikali inalipwa, wakala wa forodha analipwa, kivuko kinalipwa, halafu ndipo mnunuzi anafungua mlango wa gari lake kwa mara ya kwanza. Yaani wote wameshakula, na gari likiwa bovu hasara inabaki kwa mtu mmoja tu.

Pili, tusiseme eti Wajapani wanatutupia takataka. Kwao gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo wanauita shaken, na una gharama. Wengi huona bora kuuza gari likiwa bado linatembea vizuri. Na kwa kuwa wao wanaendesha kushoto kama sisi, usukani hauna haja ya kuhamishwa. Ndiyo maana Dar imejaa IST, Vitz, Noah na Probox, na kampuni kama Be Forward na SBT zinajulikana mpaka vijijini. Magari mazuri yapo. Shida ni kulijua lipi ni zuri ukiwa Kisimani.

Hapo ndipo picha inapotudanganya. Picha inaonyesha rangi na viti vilivyopigwa brashi, lakini haionyeshi uvungu. Kaskazini mwa Japani, Hokkaido kwa mfano, theluji ni nyingi, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hurukia chini ya gari miaka na miaka. Gari juu linameta, chini bati limekuwa biskuti. Sasa lichukue gari la namna hiyo ulilete Mafia, kwenye upepo wa bahari na mchanga wenye chumvi. Utakuwa umehamisha mgonjwa kutoka chumvi moja kwenda nyingine!

Kwa hiyo mimi naomba karatasi ya mnada. Magari mengi haya hupita kwenye minada kama ya USS, na mkaguzi wa mnada huandika alama zake kabla muuzaji wa nje hajalinunua. Kuna daraja kama 4 au 3.5, na kuna R au RA kwa gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula bati. Kwa mtu wa Kisimani S na C zina uzito kuliko rangi yote ile nyeupe. Muuzaji akisema karatasi hana, aombwe picha za uvungu na namba ya chesesi. Akikataa na hivyo, basi gari hilo limeshatujibu.

Tatu ni bei. Jamani, ile bei kubwa kwenye tangazo mara nyingi ni FOB, yaani bei ya gari likiwa bandarini kwao. CIF ndiyo inayojumlisha bima na nauli ya meli mpaka Dar. Na baada ya hapo kodi hazijaanza. Chukua mfano wa gari dogo lenye thamani ya forodha ya shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa 25% ni milioni 2.5. Kisha VAT ya 18% haipigwi kwenye milioni 10, inapigwa kwenye milioni 12.5, nayo ni milioni 2.25. Hapo umeongeza milioni 4.75, na bado kuna tozo nyingine. Gari likifikisha miaka 8 kuna ushuru wa uchakavu, na likipita miaka 10 unapanda tena. Halafu TRA haifuati risiti yako tu, ina mfumo wake wa kukadiria thamani, na mtu yeyote anaweza kuuingia kwenye tovuti yao akapata makadirio bure. Hiyo ndiyo kazi halisi ya msomi wa familia: kupiga hesabu kabla ya kubonyeza.

Wengi huishia hesabu bandarini Dar. Sisi wa Mafia safari inaendelea: gari liende mpaka Nyamisati kule Kibiti, lipande kivuko cha MV Kilindoni, livuke, kisha litoke Kilindoni na kushika njia ya mchanga mpaka rasini. Kwa njia hiyo kirikuu ya kuvuta tairi zote nne ni hitaji, siyo sifa. Na injini zenyewe kwa kirikuu nyingi ni cc 660. Ikishindiliwa nazi kama lori itachoka mapema, na spea zitafuatwa ng'ambo ya maji.

Najua kuna atakayesema, "Si mnunue yadi ya Dar yaishe?" Hoja ina nguvu. Yadini kodi imeshalipwa, unakwenda na fundi wako, anaingia uvunguni, gari linawashwa mbele yako. Bei iko juu, lakini sehemu ya ile hela ya ziada inanunua kitu ambacho Japani hakiuzwi kwenye tangazo: haki ya kusema hapana baada ya kuona. Kwa familia yenye hela ya gari moja tu, isiyo na akiba ya kutengeneza, mimi naona yadi ni bora hata kama ni ghali. Kuagiza kunamfaa mwenye karatasi mkononi na akiba pembeni.

La mwisho ni matapeli. Kuna tovuti zinazoiga majina ya kampuni za kweli, na kuna barua pepe zinazokuja katikati ya mazungumzo zikisema "akaunti yetu imebadilika". Akaunti ikibadilika, simama. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo, siyo iliyo kwenye barua hiyo. Kampuni usiyoijua itafutwe kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wauzaji wa magari yaliyotumika wa Japani. Na hela iende kwa jina la kampuni, kamwe isiende kwa jina la mtu binafsi.

Wadau, tunapopewa kazi hii tunaona aibu kumwambia mzee "subiri", tunaogopa ataona elimu yetu haina maana. Mimi naona kinyume chake. Kubonyeza hata mtoto wa darasa la tano anaweza. Elimu ni kuthubutu kuichelewesha hela ya wazee mpaka karatasi ionekane, hata kama wiki nzima utaitwa mkaidi. Nazi za misimu miwili haziangushwi tena kwa siku moja.

Kazi kwenu.