Baada ya hukumu, nani alipe?

Februari 2011, mji wa Baraka ulioko Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka kwetu Kigoma, ulifikiwa na mahakama ya kijeshi iliyosafiri na majaji na makarani wake. Luteni Kanali Kibibi Mutware wa jeshi la Kongo na askari wenzake walishtakiwa kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya Mwaka Mpya. Wanawake zaidi ya 40 walitoa ushahidi. Kibibi alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu.

Majaji walikuwa Wakongo, na waliutumia Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambao nchi yao iliuridhia mwaka 2002. Wageni, wakiwemo Umoja wa Mataifa na Chama cha Mawakili cha Marekani, walisaidia usafiri, gharama na mawakili. Mimi, karani mstaafu wa mahakama hapa Kigoma, nauheshimu msaada huo kuliko semina zote za hotelini. Nimeona kesi zikiahirishwa kwa sababu shahidi hana nauli, gari halina dizeli, au karatasi za kuchapia mwenendo wa kesi zimekwisha. Wakubwa wa Umoja wa Mataifa kule Geneva hayo hawayasikii.

Ila mahakama ile iliamuru pia fidia, nayo serikali ikatakiwa kuilipa pamoja na waliotiwa hatiani. Miaka ikapita bila akina mama kuona hata senti. Kule Kongo, ili alipwe, mdai alitakiwa kutafuta nakala ya hukumu na kulipa ada iliyokokotolewa kwa asilimia ya fidia yenyewe, kisha faili lake lilienda Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Fukara aliweza kusamehewa ada akiwa na cheti cha ufukara, ambacho nacho alikihangaikia yeye mwenyewe.

Asiniambie mtu kwamba serikali ni maskini. Mwishoni mwa 2022 Kongo ilitunga sheria ya kuwalipa fidia waathirika, na mfuko wake, FONAREV, umetengewa asilimia 11 ya mrabaha wa madini. Kwa hiyo fungu lipo. Panapohitajika utaalamu sasa ni masjala na uhasibu: kutafuta hukumu za zamani, kuwapata wenye haki, kusukuma malipo.

Wafadhili, basi, wasifunge mradi siku hukumu inaposomwa. Taarifa yao ya mwisho iwe na jedwali la safu tatu, majina yakifichwa: namba ya jalada, kiasi kilichoamriwa, tarehe ya kulipwa. Safu ya tatu ikiwa tupu, mradi haujaisha.