WAYA WA TAA MOJA HAUBEBI KARAKANA



Mwezi huu hatuandiki juu ya mshahara wala marupurupu. Twaandika juu ya waya. Kabla hujasema ya kwamba waya ni habari ya fundi wa stima na si ya chama, utusikilize mpaka mwisho, maana jambo lenyewe limelala nyumbani mwako, pengine chini ya kitanda cha mtoto wako.

Usiku mmoja sisi wakaaji wa ploti yetu huku Eastlands tuliamshwa na harufu ya plastiki inayoungua. Ilitoka chumbani mwa mwenzetu mmoja wa karakana. Kijana wake hufanya kazi ya kompyuta usiku, kwa kuwa wale wampao kazi wako ng'ambo, na mchana wao ni usiku wetu. Eksitensheni ilikuwa imepitishwa chini ya godoro. Twamshukuru Mungu kwamba kijana hakuwa amelala. Tulizima swichi kubwa, tukatoa godoro nje likifuka moshi, na hakuna aliyekufa. Asubuhi mwenye ploti akaja, akatazama ukuta uliojaa masizi, akasema, "Hawa vijana na makompyuta yao!" Kisha akadai pesa za rangi.

Ndugu, neno hilo ndilo tunalolijibu leo.

Sisi tulifika darasa la nane katika shule ya misheni, lakini kuzidisha twajua. Basi tuzidishe. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, na soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Volti 240 mara ampea 13 ni wati 3,120. Huo ndio mwisho wa soketi moja iliyo nzima. Kompyuta ndogo ya kubeba mkobani hula kama wati 65, sawa na globu moja ya zamani. Hiyo haina ubaya. Lakini ile kubwa ya kutengenezea picha za sinema, ya michezo, au ya kazi za akili bandia, ni mnyama mwingine. Kadi moja ya picha kama GeForce RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, yaweza kula wati 450 peke yake. Ongeza bongo la mashine, skrini na feni, utafika 800. Na zile mashine za kuchimba bitcoin, moja tu kama Antminer S19 Pro hula karibu wati 3,250. Hiyo imekwisha kuipita soketi kabla hujachomeka hata redio.

Mtu atasema, "Mbona birika langu hula wati 2,000 na nyumba haijaungua?" Kweli, ndugu, lakini birika hula kwa dakika nne, chai ikaiva, likapumzika. Kompyuta ya kazi hula saa nane au kumi mfululizo, na waya haupati nafasi ya kupoa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Twadhani fyuzi iliyo ndani ya plagi hutulinda siku zote. Eksitensheni nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba wa milimita mraba 0.75. Waya huo ni wa ampea 6, yaani wati 1,440 basi. Chomeka hapo kompyuta ya wati 800 na pasi ya wati 1,200. Jumla ni 2,000, zaidi ya ampea 8. Waya umezidiwa kwa zaidi ya theluthi. Lakini fyuzi iliyotiwa katika plagi ni ya ampea 13! Yenyewe yaona 8, yasema mambo ni mazuri, haikatiki. Waya waungua na askari amesimama pale pale akitazama. Tena joto la waya haliongezeki sawa na mzigo: mzigo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ukiuzungusha waya kama kamba ya ng'ombe, au ukiulaza chini ya zulia, joto halina pa kutokea.

Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa jambo hili mara mbili. Kila behewa limeandikwa ubavuni uzito wake na mzigo wake. Hakuna karani wala dereva awezaye kusema, "Pakia tu, Mungu atasaidia." Kwa nini basi tukitoka kazini jioni twafika nyumbani na kupakia waya bila kuuliza mzigo wake?

Liko na jambo la waya wa kwenda ardhini. Mara nyingi vijana hutuambia kwamba wakiligusa bodi la chuma la kompyuta husikia kama sisimizi wanatembea mkononi. Wao hucheka. Si la kucheka. Mashine hizo hupitisha stima kidogo kwenye bodi lake, nayo yapasa kuteremka ardhini. Ukiisikia mkononi, maana yake njia ya ardhini haipo, au imekatika. Siku mashine itakapoharibika kweli ndani, stima yote itakungoja wewe. Na wale wanaotia kalamu katika tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie, wajue ya kuwa wanavunja mlango uliowekwa kuwalinda.

Sasa turudi kwa mwenye ploti. Yeye asema kosa ni la vijana. Sisi twauliza: nyumba hizi zilitiwa waya kwa hesabu ya nani? Landhi za Muthurwa zilijengwa na reli, chumba kimoja kimoja, kwa mfanyakazi wa zamani ambaye mali yake ilikuwa sanduku na jiko la makaa. Umoja ilijengwa katika miaka ya 1970 kuwa nyumba za chini. Leo tazama maghorofa yaliyopanda juu yake. Dandora ilianza katika miaka hiyo hiyo, watu wakagawiwa viwanja na msaada wa Benki ya Dunia. Leo ni vyumba juu ya vyumba. Kodi imepanda na kila ghorofa. Je, waya nao umenenepa? Mahali pengi mita moja yagawiwa vyumba kumi, na kila chumba kimepewa soketi moja. Mtu aliyepewa soketi moja atafanya nini ila kununua eksitensheni? Mwenye nyumba hawezi kuchukua kodi ya watu kumi, akatoa waya wa mtu mmoja, kisha akalaumu moto.

Lakini yuko mwingine aliyejificha nyuma yake, naye ni tajiri wa kazi hizi za mtandaoni. Zamani tajiri alijenga kiwanda, akatia mitambo, akalipa stima, na moto ukitokea aliulizwa. Tajiri wa leo amekihamishia kiwanda chumbani kwa mfanyakazi. Mashine ni ya kijana, stima ni ya kijana, na moto pia ni wa kijana. Piga hesabu: wati 800 kwa saa 8, siku 26 za mwezi, ni yuniti 166. Katika bei za stima zilizotangazwa mwaka 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi iliwekwa daraja la chini, na iliyopita 100 ikawekwa daraja la juu. Basi kazi ya tajiri yaitoa nyumba ya maskini katika bei ya maskini! Ukimwuliza, asema kijana si mfanyakazi wake, ni "mkandarasi wa kujitegemea". Jina hilo ni refu, lakini maana yake ni fupi: jitegemee ukiungua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema mahali pa kazi ni kiwandani peke yake. Ni mahali popote mfanyakazi alipo akiifanya kazi. Ndiyo sababu hawataki kumwita mfanyakazi.

Wako wenzetu wasemao, "Vijana waache makompyuta hayo." Waache, kisha wale nini? Sisi wenyewe tumewalipia karo ili wapate kazi, na hii ndiyo waliyoipata. Hatuwezi kuwaambia wachague kati ya njaa na moto.

Kwa hiyo chama chetu kidai haya. Kwanza, kila mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EPRA akague waya, atie waya wa ardhini ulio hai, soketi za kutosha zenye waya wa milimita mraba 2.5, na ile swichi ya miliampea 30 inayokata upesi stima ikivuja. Pili, anayempa mtu kazi ya mashine nyumbani alipe stima yake na vyombo vilivyo salama. Tatu, tuwaingize vijana hawa katika vyama. Si watoto wetu tu, ni wafanyakazi wenzetu.

Na sisi wenyewe tusijifanye watakatifu. Nani kati yetu hajafunga fyuzi kwa waya wa shaba au karatasi ya sigara? Tuache. Katika eksitensheni nyembamba tia fyuzi ya ampea 5, ili ikatike kabla ya waya. Pasi na birika visikae waya mmoja na kompyuta. Usichomeke eksitensheni ndani ya eksitensheni. Stima ikipotea, chomoa mashine mpaka itulie ikirudi. Plagi ikiwa ya moto, imegeuka rangi ya kahawia, au yalia kama nyuki, usingoje kesho. Moto wa stima usiumwagie maji: zima swichi kubwa kwanza, toa watoto, piga 999.

Yule mwenzetu wa karakana hakulipa pesa za rangi. Wapangaji wote tulikwenda pamoja kwa mwenye ploti, tukamwambia rangi baadaye, waya kwanza. Hajaleta fundi bado, lakini neno la rangi hajalisema tena. Jumamosi hii twarudi kwake. Wewe je, katika ploti yako mtakwenda lini?

Umoja ni nguvu.