Bahasha ya kaki si mtandao

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Mzee wangu ana saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye ini, na kazi yangu ya pili siku hizi ni kumpeleka Eldoret kutoka Malaba. Kila baada ya siku 14 anawekewa dripu ya kemo, na dawa moja, fluorouracil, huingia polepole kwa saa 46.

Mimi kama mtu wa programu, kinachoniudhi ni bahasha ya kaki. Humo ndimo mna skani, majibu ya damu, kila kitu. Huku mpakani kompyuta ya hospitali haioni lolote alilofanyiwa kule. Homa ikimpanda usiku, daktari wa zamu anaanza maswali upya. Na homa ya mtu wa kemo haingoji: chembe nyeupe zikiwa chini, maambukizi yanaweza kumuua kwa saa chache.

Ajabu ni kwamba OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret hiyo hiyo mwaka 2006. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 nayo inataka mfumo mmoja jumuishi. Programu ipo, sheria ipo. Tuache kushindania programu mpya za simu, tuziunganishe zilizopo.

Kwa sasa nimeandika ukurasa mmoja: ugonjwa, dawa na vipimo vyake, tarehe ya dripu ya mwisho, namba ya daktari. Nakala moja anayo Mzee mfukoni, nyingine iko kwenye simu ya Mama. Una mgonjwa? Uandike leo.

Mnasemaje?